Rangi ya Mama Kwenye Chati

Mteja akiwa na haraka, miguu inaniwasha mimi. Asubuhi ile waliingia wawili kwenye duka langu la kuchapa picha hapa Bariadi, dada na kaka yake, na nje gari lao lilikuwa linapiga honi. Walikuwa wanamzika mama yao siku hiyo hiyo, kijijini Shishiyu, na picha ya kutangulia mbele ya jeneza haikuwepo.

"Mwangaluka," dada alinisalimu, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Kaka hakusalimu. Alinisukumia simu. "Hiyo hapo. Kubwa, ya fremu. Fanya haraka."

Picha ilipigwa chini ya turubai la bluu, kwenye harusi ya jirani. Mama wa watu alikuwa anacheka, lakini uso wote ulikuwa umeingia ubluu. Na karatasi ya picha ya saizi ile nilikuwa nimebakiwa na moja tu. Mzigo kutoka Mwanza haukuwa umefika, na umeme siku ile ulikuwa wa kubahatisha.

"Si unamrekebisha hapo kwenye kompyuta tu?" kaka akasema.

Kwenye kompyuta! Hakuna kinachonitia hasira kama watu kuamini kioo. Kioo changu kinamng'arisha kila mtu. Printa yangu inamvuta kila mtu kwenye wekundu. Ndiyo maana nina chati: karatasi niliyoijaza miraba midogo ya rangi ya ngozi, kuanzia weupe wa chapati hadi weusi wa chungu, iliyochapwa na printa hii hii, kwa wino huu huu, kwenye karatasi ya aina hii hii. Kila mraba una namba zake. Ukichagua mraba, naipa mashine namba hizo, na kinachotoka ndicho ulichokiona. Nikibadilisha wino naichana, nachapa nyingine.

Nikawatoa nje nayo, maana hata taa ya dukani inadanganya. "Mama alikuwa na rangi gani?"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kaka akaweka kidole kwenye mraba wa maji ya kunde. Dada akakiondoa, akakishusha mistari miwili chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha," alisema.

"Ugonjwa ndio uliomfanya mweusi!"

"Hajawahi kuwa mweupe yule. Umemsahau tu."

Honi ikalia. Uvumilivu ukaniishia. "Chagueni! Karatasi ni moja. Ikiharibika, mtamsindikiza bila sura."

Kaka akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa Geita machimboni miaka yote hii, na aliposhuka stendi alikuta ameshafariki. "Hata salamu sikumpa."

Dada alimshika mkono, akapandisha shati hadi juu ya kiwiko, mahali ambapo jua la machimboni halikufika, akaulaza juu ya chati. "Rangi yake uliichukua wewe." Akausogeza mraba kwa mraba. Ulipofika kwenye ule alioutaka yeye, ule wa chini, ukingo wa mraba ulipotea. Ngozi na karatasi vilikuwa kitu kimoja.

Kaka aliutazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Weka huo," akasema.

Nikaingia, nikaandika namba, nikabonyeza. Printa ikaanza kuivuta karatasi polepole, na mimi nikazunguka dukani nikipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kilitoka kilemba, likaja paji la uso, yakaja macho. Niliogopa umeme ungekatika kabla ya mdomo. Mdomo ukatoka, unacheka.

Niliishika kwa pembe nikaitoa juani. Ilikuwa sawa. Dada akaangua kilio. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, na honi ilipolia tena hakugeuka.

"Mwangaluka, mayu," akamwambia mama yake.