Kabati la Maandazi la Shangazi

Bwana afya alimwambia shangazi yangu kwamba angeufunga mgahawa wake wa chai pale Kabasa, Bunda, asipoweka maandazi ndani ya kitu kinachofungwa na kuonyesha kilichomo, nzi na vidole vya watu visiyaguse. Shangazi hakubembeleza. Alinigeukia mimi, seremala wa ukoo, akasema, "Umesikia? Haya." Mgahawa ule ndio uliowalisha yeye na wajukuu wake.

Kioo kisingefika kizima kwa barabara yetu ya mashimo. Ila maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kujaa tena, baada ya miaka ya kutafuta hata msumari kwa tochi. Nikarudi na shiti ya plastiki angavu kwapani, nikijiona wa kisasa kupita kiasi.

Nikwambie, plastiki ile si mbao. Nilipoikata kwa pupa ilipata moto, ikayeyuka, ikajigandisha nyuma ya msumeno kana kwamba sijakata kitu. Nilitukana sana. Kata polepole, upumzike, ukate tena. Ile karatasi iliyobandikwa juu yake usiibandue mpaka kazi iishe, la sivyo utaiparuza yote. Na usiibane kwenye fremu kama droo. Acha nafasi kidogo, maana jua la Bunda huitanua.

Kabati likang'aa. Wateja wakaligomea! Kwetu mtu hanunui andazi bila kulibonyeza ajue kama ni la leo.

"Sisi tunabonyezaga kwanza," mama mmoja muuza dagaa alimwambia shangazi. "Haya umeyafungia kwa sababu ni ya jana."

Maandazi yakabaki. Nilishikwa na aibu na hasira kwa pamoja: kabati la kuokoa mgahawa ndilo lililokuwa linaufunga.

Nikachukua keekee, nikaegemeza kipande cha ubao nyuma ya plastiki isipasuke, nikatoboa safu ya matundu madogo ambayo nzi hapiti. Asubuhi harufu ya iliki ikatoka mpaka barabarani. Watu wakaja, wakaweka pua kwenye matundu, wakaridhika.

Bwana afya naye akaja kukagua. Akagonga plastiki, akatikisa mlango, akanusa matundu. Akanusa tena. Kisha akafungua, akaingiza kidole, akabonyeza andazi.

Shangazi akamchapa mkono.

Nikajua mgahawa umekwenda.

"Toa kidole hapo, baba," alisema shangazi. "Si ulitukataza wewe mwenyewe?"

Bwana afya akaurudisha mkono, akafunga mlango taratibu, akainama kunusa kama wenzake, halafu akaagiza chai.