Mwenye Kiboko Kwenye Picha ya Boma

Ukumbi wa maonyesho wa chuo chetu zamani ulikuwa stoo ya viti vibovu, na ukiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi watakuambia bado ni stoo. Kwa hiyo tulipopata picha za enzi za Mjerumani, zilizopigwa hapa hapa Arusha na kuhifadhiwa kwenye vioo, tulijiona watu wazito ghafla. Kamati ikaundwa. Mimi niliingizwa kwa sababu huandika makala magazetini, na watu hudhani mwenye kuandika makala lazima ana anachokijua. Kazi yangu ilikuwa kutunga maelezo mafupi ya kubandika chini ya kila picha.

Picha kubwa kuliko zote tuliitundika kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Ilionyesha wanaume wakibeba mawe ya kujengea Boma la Wajerumani, Mlima Meru ukiwa nyuma yao. Mbele, pembeni kidogo, alisimama msimamizi wao, mtu mweusi kama wao, kiboko mkononi. Ndewe ya sikio lake moja ilikuwa imechanika na kuning'inia vipande viwili.

Nilipoiona mara ya kwanza, jicho lilibaki kwenye sikio hilo. Babu yangu mzaa baba alikuwa na sikio la namna hiyo. Sikumkuta, lakini sikio lake tunalijua wote nyumbani, kama watu wa familia nyingine wanavyojua shamba lao liliishia wapi. Na pamoja na sikio tunajua mnong'ono. Watu wa Olmotonyi, kijijini kwetu, wana kumbukumbu ndefu na sauti ndogo, na kwa sauti hiyo ndogo wamekuwa wakisema, msibani, harusini, nje ya kanisa, kwamba yule mzee alikula na Wajerumani.

Aliyeumizwa na maneno hayo kuliko wote ni shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa mke wa mwisho wa babu. Yeye ndiye pekee aliyebaki aliyempakata mzee huyo, au tuseme aliyepakatwa naye. Wiki moja kabla ya ufunguzi nilimleta aitazame picha. Nilimwinamishia kichwa anishike utosini, kama desturi yetu ilivyo, ingawa siku hizi anashika kipara.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Niko wapi mimi? Hii si stoo?"

Akaitazama picha kwa muda, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa fremu.

"Si yeye," akasema.

"Una hakika?"

"Wewe layoni, unaniuliza mimi hakika ya baba yangu?" Nimetahiriwa miaka mingi iliyopita na nina watoto chuoni, lakini kwa shangazi nitabaki layoni mpaka nizikwe. "Baba alichanika sikio la kushoto. Nililichezea mpaka nikasinzia. Huyu amechanika la kulia. Tena huyu ni mashoto, tazama kiboko kiko mkono gani. Baba alikula kwa mkono wa kulia, kama watu."

Kisha akanyoosha kidole kwa mbebaji wa tatu, ambaye jiwe lilikuwa limemziba uso wote. "Baba ni huyu."

"Uso hauonekani, shangazi."

"Na miguu? Hiyo si miguu yetu?"

Nilitazama miguu ya yule mtu, nikatazama na yangu. Niliandika maelezo kwamba kwa kumbukumbu za familia, mbebaji wa tatu ni mzee wa Kiarusha kutoka upande wa Olmotonyi. Mbebaji wa kwanza alikuwa ametambuliwa na familia ya Kimeru kutoka Kikwe. Wao walimjua kwa uso, na kwa mgongo uliobaki na makovu mpaka alipokufa. Tukapanga kwamba siku ya ufunguzi mjukuu wake, mzee mstaafu wa huko Kikwe, na shangazi yangu watafunua picha hiyo pamoja, kisha kila mmoja aseme maneno machache.

Shangazi alikodi Coaster. Alijaza kwaya ya akina mama na, kwa makusudi kabisa, wale wenye sauti ndogo. "Leo watanyamaza," akaniambia kwenye simu asubuhi ya siku yenyewe, wakijiandaa kuondoka.

Mvua ilikuwa imenyesha na mlima ulikuwa wazi wote. Nilisimama mlangoni nikiutazama kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mtu wa maelezo mafupi huwa hana kazi siku ya ufunguzi. Upande wa mashariki, ule uliobomoka zamani za kale, ulishuka kwa kuvunjika vunjika kuliani kwangu. Nikaingia ndani kuhakikisha kitambaa kilichofunika picha kubwa kimekaa vizuri. Nikakiinua kidogo. Mlima wa kwenye picha ulibomoka kushoto.

Nilitoka nje, nikatazama. Nikarudi ndani, nikatazama. Kioo cha picha ile kilikuwa kimeingizwa kwenye skana kikiwa kimegeuzwa. Tulikuwa wajumbe wengi kwenye ile kamati, wenye shahada za kutosha kuezekea banda, wote tumeamka chini ya mlima ule maisha yetu yote, na hakuna aliyeona kwamba tumeutundika kinyume. Mlima wa nyumbani mtu haukagui. Anajua tu kwamba upo.

Na kama mlima umegeuka, sikio nalo limegeuka. Kiboko nacho.

Nilimwita mkuu wa ukumbi, mama wa rika langu ambaye hapendi habari mbaya kabla ya chai. Alitazama, akakaa kwenye kiti.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi mimi sijaona. Wageni wako getini, mwalimu. Shangazi yako yuko njiani na kwaya. Ukitaka kusema, sema wewe. Mimi kesho nitaichapisha upya kimya kimya."

"Na kesho kutwa watu wakija wakaona sikio?"

Nje honi ya Coaster ilipigwa kwa shangwe.

Nilimvuta shangazi ofisini huku akina mama wakishuka wanaimba. Nilianza kumweleza habari za vioo na skana, nikajisikia ninavyojizungusha kama mtu anayeuza kiwanja cha wizi. Akanikatiza.

"Unataka kusema nini?"

Niliomba kioo kidogo kwa mama mmoja wa kwaya, nikampeleka shangazi ukumbini na kufunga mlango. Nikainua kitambaa, nikamgeuza picha ikawa nyuma yake, nikamshikisha kile kioo mbele ya uso.

"Itazame humu."

Akakisogeza kioo mpaka kikalipata sikio, kisha kiboko.

"Papa," akamwita baba yake kwa Kimaa. Hakuniambia mimi.

"Shangazi, si lazima useme leo. Tunaweza kusema umeugua."

"Nimewahi kuugua mbele ya wale wanawake?" Akanirudishia kioo. "Kwenye ua wenu nimeona masale. Nenda ukanivunjie jani."

Nilifahamu. Kwetu Waarusha ukitaka amani unashika majani mabichi, nyasi za kawaida tu. Sale ni ya Wameru na Wachaga. Anayekuletea jani la sale anakuomba radhi, na kumkataa ni vigumu sana.

Picha ilifunuliwa. Watu walipiga makofi. Mzee wa Kikwe alisema habari za mgongo wa babu yake kwa sentensi chache, akakaa. Shangazi akasimama, jani mkononi. Nyuma kabisa niliwaona wale wenye sauti ndogo wamenyoosha shingo.

"Picha hii imegeuzwa," akasema. "Mwanangu atawaeleza, amesoma. Mimi naeleza moja tu. Niliwaambia baba yangu ni huyu aliyebeba jiwe. Siyo. Baba yangu ni huyu mwenye kiboko."

Akatembea mpaka alipokaa mzee, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Mzee alilitazama, mikono yake ikabaki magotini.

"Mama," akasema hatimaye, "jani nimeliona. Lakini mgongo haukuwa wangu. Nikilipokea hapa mbele ya kamera, nitakuwa nimewaibia wenzangu. Lilete Kikwe, ukoo uwepo."

"Jumamosi?"

"Jumamosi tunavuna kahawa."

"Jumapili, baada ya ibada."

"Ibada yetu ni ndefu, mama. Mchungaji wetu hana saa."

"Nitakaa nje nimsubiri."

Mzee akainamisha kichwa kidogo. Haikuwa ndiyo, wala haikuwa hapana. Akina mama wa kwaya hawakujua waimbe nini, hawakuimba. Shangazi alirudi kwenye kiti chake kando yangu, akanipa jani.

"Tafuta kitambaa, ukiloweshe maji, ulifunge vizuri," akaninong'oneza. "Lisije likanyauka kabla ya Jumapili."