Swali Ambalo Sikumwuliza Baba

Daktari wetu alikuwa ameandaa karatasi ya maswali kuhusu usingizi, kwa wagonjwa walioanza kutetemeka mkono. Alituambia kwamba mwenye ugonjwa wa Parkinson huweza kuzitenda ndoto zake: apige kelele, arushe ngumi, aanguke kitandani, na huku amelala. Kazi yetu wauguzi ilikuwa kuuliza na kuweka alama. Niliiona kazi nyepesi hadi baba yangu alipoketi kwenye kiti cha mgonjwa.

Alikuwa karani wa shirika la umma, akapunguzwa kazini lilipouzwa. Miezi ya mwisho ofisini mwandiko wake, uliokuwa ukisifiwa, ulinywea hadi herufi zikawa kama chembe za uwele. Tulidhani ni mawazo.

Maswali sita nilimsomea. La saba liliuliza kama mke wake amewahi kulalamika kwamba anampiga akiwa usingizini. Nikakwama. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake habari za kitandani, hata akiwa amevaa sare. Mwenzangu, mama mtu mzima, alikuwa chumba cha pili na ningeweza kumwita. Niliona aibu. Nikaweka alama kwenye "Hapana", nikamwambia baba tumemaliza.

Kusema kweli, nilikuwa na jibu langu tayari. Nyumbani Chang'ombe mama alikuwa amevimba jicho mara mbili mwaka ule, na mara zote alisema ameteleza bombani. Majirani walisikia kelele ukutani, wakapeleka habari kwa wazee wa kanisa. Wazee wakamtaka baba atubu. Alikataa, akasema hajawahi kumwinulia mke wake mkono, nao wakamzuia Meza ya Bwana. Kila ilipoandaliwa, wenzake walisogea mbele, yeye akabaki kwenye benchi. Nilimwona mwongo, na nilimchukia.

Daktari aliisoma karatasi, kisha akamwona mama aliyekuwa akisubiri nje, jicho bado jekundu. Akamwomba yule mwenzangu azungumze naye faragha. Huko mama alieleza yote. Baba alikuwa akifukuza fisi ndotoni kwa kelele na ngumi, na aliyekuwa karibu ni mama. Asubuhi baba hakukumbuka kitu. Mama hakumwambia yeye wala mtu mwingine, maana mume anayempiga mkewe, watu wamemzoea, lakini anayepigana na wasioonekana angeitwa mchawi.

"Heri waseme ananipiga," alimwambia mwenzangu.

Daktari alimweleza baba nikiwa nimesimama pale pale, akasema kuna dawa ya kujaribu na kwamba walale vitanda viwili. Baba alimtazama mama usoni kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulidhani nampiga?"

"Ndiyo, baba."

Alianza kufunga vifungo vya shati lake, vidole vikikosea tundu, na sikuthubutu kumsaidia.