Bitana ya Mkoba wa Jerusha

Kila mmoja wetu aliyekuwa mtoto siku za Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, ana harufu yake anayoikumbuka. Kuna mwenye harufu ya nyumba zilizochomwa, na mwenye harufu ya udongo mbichi wa handaki. Yangu ni harufu ya ngozi kuukuu inayolainishwa kwa mafuta ya mbarika. Baba yangu alikuwa akifufua mikoba ya akina mama chumbani mwetu, Majengo ya Meru, na sisi tulikula, tukalala na kusali katikati ya mikoba hiyo.

Ilitoka kwenye nyumba za Wazungu. Memsahibu alipochoka na mkoba wake alimpa yaya au mpishi, naye akauleta kwetu umepasuka pembe, mkono umening'inia, ndani umejaa poda na makombo ya biskuti. Baba aliufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni. Aliuanika kivulini, kamwe si juani, kisha akaupaka mafuta kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Palipokuwa na mikwaruzo alipitisha msasa, halafu nta ya nyuki iliyoletwa na Wambeere kutoka upande wa Ishiara, halafu rangi. Mikono ya mkoba aliishona upya kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi wa ngozi. Mkoba uliokuja kama panya aliyekufa uliondoka unang'aa, ukaenda kanisani begani mwa mke wa mwalimu.

Kazi yangu ilikuwa bitana, kile kitambaa cha ndani. Nilianza nikiwa na miaka tisa, kwa sababu vidole vyangu vilifika pembeni ambako vya Baba havikufika. Mshono wake yeye ulilalia kulia kidogo, maana kidole gumba chake kilivunjika zamani. Wangu ulisimama wima, vijishono vidogo vilivyobanana. Baba alikuwa akiugeuza mkoba ndani nje, anautazama, anasema "Mm." Hiyo "Mm" yake niliitafuta kuliko sifa zote za mwalimu shuleni.

Msidhani tulikuwa watu wa huzuni. Tukitoka shule tulitupa vibao vyetu vya kuandikia mlangoni, tukaruka kamba uwanjani nyuma ya msikiti hadi magoti yakageuka meupe kwa vumbi. Jirani yetu Bi Zena, mjane aliyekaanga mahamri, ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki, kwa sababu ukimwomba hamri kwa Kiswahili kibovu alikunyima mpaka ukiseme sawasawa. Nyumbani tulisema Kimeru, na nyanya alipotuletea mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi vilivyopondwa, kutoka Githongo, ukiwa umefungwa kwenye jani la mgomba, ulifika bado una joto la kwapa lake. Leo mjukuu wangu mkoba wake ukikatika mkono anautupa. Juzi nilimwambia alete sindano niushone, akaniuliza, "Ya hospitali, Cucu?"

Lakini hewa ilikuwa nzito hata sisi watoto tulijua. Ili Baba aende Githongo kumwona mama yake alihitaji pasi, kibali cha serikali cha kusafiri. Wanaume waliitwa, wengine wakarudi, wengine hawakurudi, na hakuna aliyesema waliko. Wakubwa walipoanza kunong'ona, Mama alitutazama na kusema, "Nendeni mkachote maji," hata kama mtungi umejaa. Tulichota maji mengi sana miaka ile. Tulijifunza kutouliza, na zaidi ya hapo tulijifunza kutosema.

Jerusha, ambaye sisi watoto tulimwita shangazi kwa heshima tu, alikuwa yaya katika nyumba moja ya Wazungu. Kanisani aliimba sauti ya kwanza, na alicheka kwa kujifunika mdomo na kiganja. Niliwahi kuota nikiwa yeye. Siku moja ya soko, Baba akiwa amekwenda kutafuta nta na Mama amepanga foleni ya pasi, aliingia chumbani akiwa na mkoba wa kahawia uliochakaa.

"Karimi, baba yuko wapi?"

"Amekwenda sokoni, shangazi."

"Basi wewe ndiwe fundi leo." Akakaa kwenye kigoda. "Nataka bitana mpya. Na chini ya bitana unishonee mfuko mwingine, usioonekana. Nina barua za mchumba, na memsahibu wangu anapenda kupekua."

"Nitamwambia Baba akija."

"Aa, usimwambie. Atanicheka mbele ya watu."

Nilikuwa na miaka kumi. Siri ya mchumba, na tena ya Jerusha! Nilichukua kipande cha kanga nyekundu aliyonipa Bi Zena, nikashona mfuko bapa chini kabisa, kisha nikaufunika kwa bitana hadi mimi mwenyewe nikaupoteza kwa macho. Jerusha alipitisha kidole mara mbili asiupate. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake. Sikumwambia Baba. Nilijiona mtu mzima.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza walipokuja. Ilikuwa adhuhuri, Bi Zena ameingia ndani kuswali, Mama anachambua mboga kizingitini. Gari la polisi lilisimama, wakateremka askari wawili na homugadi mmoja, yaani mgambo mwenyeji wa serikali, jamaa tuliyemfahamu, ambaye siku hiyo hakutusalimu. Askari mkubwa alikuwa ameshika mkoba wa kahawia uliochanwa tumbo kwa kisu. Kanga nyekundu ilining'inia nje.

Baadaye ndipo tulipojua. Jerusha alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na ndani ya mfuko wangu hapakuwa na barua za mchumba. Palikuwa na dawa ya unga ya vidonda, bendeji, na karatasi zilizoandikwa majina, vyote vikielekea msituni kwa wapiganaji, alikokuwa kaka yake. Aliulizwa fundi ni nani. Mji mzima ulikuwa na fundi mmoja wa mikoba.

"Nani alishona hii kitu?" askari akauliza.

Baba aliupokea mkoba. Aliugeuza kwenye mwanga wa mlango, kama alivyogeuza mikoba yote, akautazama mshono. Niliona bega lake likishuka. Alikuwa ameujua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye mkeka, uzi mdomoni, ukanda wa mkoba wa mke wa mchungaji mapajani. Hakugeuka kunitazama hata mara moja.

"Ni mimi, bwana."

"Ulijua ni ya kubeba nini?"

"Mimi nashona tu."

Walimpiga kofi, akayumba, akashika ukuta. Mama alipiga ukelele, homugadi akamwambia anyamaze. Nami nilitaka kusimama niseme. Mpaka leo naapa nilitaka. Ulimi ulikuwa mdomoni lakini haukuwa wangu. Walipomfunga mikono, Baba alisema kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karimi, malizia huo ukanda. Mwenyewe atakuja Jumamosi." Wakamtoa. Jerusha hatukumwona tena, na katika kwaya mtu mwingine alisimama mahali pake.

Nilimalizia ukanda. Mwenyewe hakuja, watu wengi waliacha mikoba yao kwetu tangu siku ile, wakiogopa kuonekana mlangoni.

Mwezi uliofuata tulifukuzwa chumbani kwa amri ya serikali. Bi Zena alitusindikiza hadi mwisho wa mtaa, amembeba mdogo wangu mgongoni, akanipa mahamri ndani ya gazeti. Tulipelekwa Githongo, katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha chini yake. Nyumba zilibanana, kila jioni ikapigwa kengele ya kafyu, hakuna ruhusa ya kutoka tena, na kila asubuhi akina mama walitolewa kwenda kuchimba handaki hilo. Nilikuwa na msharasi wa Baba, nao ndio uliotusaidia: nilirekebisha mikanda, viatu, na mara mojamoja mkoba wa mwalimu.

Mama alirudi jioni akiwa na udongo hadi nywelani. Alikuwa mwanamke mpole, lakini handaki lilimgeuza. Alikuwa akikaa mbele ya moto na kusema, si kwangu, kwa moto tu: "Baba yenu hakutumia akili. Alimshonea mtu mfuko wa siri wakati kama huu. Hakuwafikiria watoto wake." Nami niliinama zaidi kwenye ngozi. Kila jioni nilijiambia, kesho nitamwambia. Barua mbili zilifika kutoka kambi alikofungiwa Baba, kule chini kwenye joto, zimefutwa mistari kwa wino mweusi. Baba aliuliza tu kama tunakula. Naye hakusema. Angesemaje, na barua ilisomwa na macho mengi kabla ya yetu?

Mwaka wa tatu, wakati wa mvua, Mama alishikwa na kichomi. Alilala siku sita. Siku ya nne aliniita, akanishika mkono, akasema, "Uwatunze wadogo zako. Na mwanamume atakayekuoa, awe mtu anayefikiri." Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Tulimzika kwenye kipande cha ardhi cha nyanya yetu, karibu na migomba, na askari akisubiri turudi ndani kabla ya kengele.

Baba alirudi baada ya mwaka mwingine na nusu. Alikuwa mtu mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Asubuhi ya pili nilimkuta ameketi uani, amechukua msharasi wake, anajaribu kuushika, unaanguka. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, ule mkoba wa Jerusha. Ni mimi niliyeushona."

"Najua. Unafikiri siujui mkono wako?"

"Nilikaa kimya wakakuchukua."

"Ulifanya vizuri kukaa kimya. Ulikuwa mtoto." Akaokota msharasi, akanipa mimi. Kisha akauliza polepole, "Mama yako ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hata alipougua?"

"Hata hapo, Baba."

Hakunikemea. Ningependa kama angenikemea. Alichukua kofia yake, akaenda kukaa kaburini kwa Mama hadi adhuhuri, midomo yake ikitikisika. Sikujua alikuwa akisali au akimweleza. Aliporudi aliomba maji, akanywa, na mpaka tulipomzika yeye mwenyewe, mzee wa mvi, hakulitaja tena.

Aliishi akinifundisha kwa maneno kazi ambayo vidole vyake havikuiweza tena. Nimefufua mikoba mingi tangu wakati huo, hapahapa nyumbani, na watu huja kutoka mbali. Huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia ni mafuta na subira.

Wajukuu wangu hawawezi kukaa na jambo hadi jioni. Mmoja akigombana na mchumba wake, dunia nzima imejua kabla chai haijapoa. Wanasema, wanalia, wanaandika kwenye simu, wanasameheana, wanaanza upya. Mimi huwacheka. Nawaita midomo isiyo na zipu. Enzi zetu mtoto alisifiwa kwa kunyamaza, na mimi nilisifiwa sana. Lakini wakishalala simu zao mkononi, huwatazama na kuwaonea wivu. Ningekuwa na nusu ya midomo yao, mara moja tu, mbele ya ule moto wa Githongo, mama yangu angekufa akijua aliolewa na mtu wa namna gani.