Tuta Zuri Kuliko Yote

Mlio ninaoukumbuka hadi leo ni wa maji yakidondokea majani ya sukuma wiki. Si mvua. Mvua ya kwetu hupiga mabati hadi watu wanaacha kuongea. Huu ulikuwa mlio mdogo, wa mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu kwa msumari, sisi watoto tukitembea nao kati ya matuta asubuhi, ukungu bado umelala chini. Trrr, trrr, kama mtu anayekaanga kitu nyumba ya tatu kutoka kwenu. Ukiusikia unaona njaa bila sababu.

Juzi nilipata mapumziko kutoka Timau, ambako nafanya kazi ya kukata maua, nikarudi Gatitu, nilikokulia. Sikuwa na mtu wa kumtembelea, nikwambie ukweli. Nilienda tu. Nikasimama nyuma ya kanisa, pale shamba letu lilipokuwa, nikatazama juu. Fleti. Nguo zimeanikwa kila dirisha. Mama mmoja akachungulia kutoka juu.

"Unatafuta nyumba? Zimejaa!"

"Hapana, natazama tu."

"Hapa unatazama nini na hakuna kitu?" Akafunga dirisha.

Palikuwa na kitu, ndugu yangu. Kaa nikueleze.

Shamba lilikuwa la jirani yetu mjane, ambaye alisema watoto wa mjini watakuja kudhani viazi huota kwenye gunia. Akatupa sehemu hiyo tulime, sisi tuliokuwa tukizurura karibu na stendi. Wengine walikuwa bado shule, wengine kama mimi walikuwa wametoka. Mimi niliishia kidato cha pili, karo ilipomshinda shosho. Shosho ni mama ya baba yangu, na ndiye aliyenilea. Kila mmoja wetu alikuwa na tuta lake, lakini hakuna aliyelima peke yake. Tulifuata ngwatio, ile desturi ya zamani ya kulima kwa zamu: leo wote tuko kwa tuta lako, kesho wote kwa langu. Mwenye tuta ndiye anayeleta chai. Ukileta chai nyepesi utachekwa mpaka zamu yako irudi. "Hii ni chai ama umeosha kikombe?" Hivyo ndivyo tulivyoishi, midomo ikifanya kazi kuliko majembe.

Baada ya kulima tulijipanga chini ya kibanda cha mabati. Hapo mwalimu mmoja mstaafu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, alitufundisha kwa chaki kwenye mlango mkuukuu ulioegemezwa ukutani. Hesabu tulijifunza kwa kupima matuta na kamba. Sayansi tulijifunza kwa kufinya udongo. Nilipokuwa shule sikuwahi kuinua mkono, lakini pale mkono wangu ulikuwa juu kila wakati, na tope chini ya kucha. Nilikuwa na ndoto yangu tayari: niwe afisa wa kilimo, nizunguke Nyeri yote kwa pikipiki nikiambia watu kwa nini spinachi yao inageuka njano. Nilikuwa hata nimechagua rangi ya helmeti. Nyekundu.

Ndipo mwalimu akaleta habari. Chuo cha kilimo kilicho upande wa pili wa mji kilikuwa tayari kuchukua vijana wawili kutoka shamba letu, wasome bila kulipa, hata kama hawakumaliza sekondari. Wageni kutoka chuoni wangekuja kutazama matuta. Tuta ndilo lingesema kwa niaba yako. Hawangeuliza cheti, hawangeuliza baba yako ni nani. Wangetazama kazi ya mikono yako na kuchagua.

Unaelewa ilivyokuwa kwangu? Mimi ambaye sikuwa na cheti cha kuonyesha mtu. Nilipanda managu, ile mboga ya majani ya kienyeji, na spinachi ukingoni. Baridi ya Julai ilipokuja nikazifunika kwa matawi kila jioni, na kuzifunua jua likitoka. Nilizisemesha, usinicheke. Wengine walipokuwa wakienda kucheza mpira, mimi nilikuwa nikitoa wadudu kwa kidole, jani moja baada ya jingine. Siku ya wageni ilipokaribia, managu yangu yalikuwa mapana kama mkono wa mtu mzima, kijani cha kukaribia weusi. Mwalimu alisimama hapo, akageuza jani moja. Kisha akasema, "Hii sasa ni kazi." Kwake hayo yalikuwa maneno mengi sana.

Siku yenyewe nilitumwa mapema kuomba viti kutoka nyumba za mbali. Wamama walikuwa wamekuja kupika, kwa maana kwetu mgeni haonyeshwi shamba na tumbo tupu. Atakula kwanza, na atalishwa kilicho bora. Hilo nililijua tangu nizaliwe. Sijui kwa nini sikulifikiria, wala kuwaeleza wamama kwamba matuta ndiyo yangepimwa.

Niliporudi na viti kichwani, nilisikia kicheko na mwiko ukigonga sufuria. Shosho alikuwa amekunja mikono ya sweta, anaponda mukimo, ule mseto wa viazi, mahindi na majani ya mboga, jasho linamtoka.

"Wee! Kuja uone," akaniita. "Wageni watakula ya kwako!"

Nikatazama tuta langu. Vijiti. Vijiti vitupu vimesimama kwa mstari, kama brashi zilizoisha.

"Shosho, mmechuma yote?"

"Sasa ulitaka tuwapikie gani? Ile imetobolewa na wadudu?"

"Ati tuwapikie ya huyu?" akasema mmoja wa wamama, akimwonyesha rafiki yangu, yule msichana ambaye tuta lake lilipakana na langu. "Hiyo yake hata kuku wangu wangeiuliza maswali." Kila mtu akacheka, rafiki yangu pia. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Mwalimu alikuwa mlangoni mwa kibanda. Alifungua mdomo, akamtazama shosho, jinsi alivyokuwa aking'aa na ule mwiko mkononi, akaufunga tena. Na mimi nikafanya vilevile. Kati ya matuta yote, shosho alikuwa amechagua la mjukuu wake. Alikuwa amenipa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Ningeanzia wapi kumwambia?

Wageni walikula. Walikula wakaongeza. Mmoja alilegeza mshipi, akasema tangu aondoke kwao hajaona mukimo wa namna hiyo. Shosho alizunguka na sufuria kama bibi harusi.

Kisha wakainuka kutembelea matuta. Tulisimama kila mmoja mbele ya lake. Mama mmoja mgeni, mpole, mwenye gambuti mpya, akafika kwangu.

"Na hapa kulikuwa na nini?"

Shosho alikuwa nyuma yake tu, anatabasamu, anangoja nisifiwe. Ningesema neno moja, "mmekula," na kila kitu kingeeleweka. Lakini lingeingia masikio mawili, ya mgeni na ya shosho.

"Managu," nikasema. "Tumevuna."

"Hmm. Yote kwa pamoja?"

"Ndiyo."

Akatazama vile vijiti kidogo, akaniambia nijitahidi, akasonga.

Walimchagua rafiki yangu na msichana mwingine wa upande wa barabara. Jioni hiyo rafiki yangu alinifuata kwenye tanki la maji.

"Hiyo nafasi ni yako. Unajua ni yako. Niende niwaambie?"

"Ukiwaambia, shosho atajua."

"Si ajue!"

"Asijue," nikasema. "Wewe enda, mama. Enda usome, na usituaibishe." Tukacheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi yake, nadhani, ili aweze kuondoka.

Managu ni mmea wa ajabu. Yakichumwa huchipua tena. Haukupita muda, tuta langu lilikuwa zuri kama mwanzo, na hakukuwa na mgeni wa kulitazama. Rafiki yangu alienda chuo, na alipomaliza akapata kazi Nanyuki. Wengine wakafuata kazi za maua, za hoteli, za ujenzi. Kila aliyeondoka, ngwatio ilipungua mtu mmoja, hadi ikafika siku nikapika chai nikakuta tuko mimi na mwalimu. Tukainywa hata hivyo. Alisema ni nzito vizuri. Baadaye watoto wake walimchukua akaishi nao, jirani mjane akafariki, na shamba likauzwa. Nami nikapanda gari la Timau.

Shosho alisimulia mukimo ule miaka yote. Kanisani, sokoni, hata kwa daktari. "Wageni wa chuo walilamba sahani! Na managu yalikuwa ya huyu wangu!" Kila mara ananishika bega, na kila mara mimi naitikia, "Ndiyo, shosho, walilamba." Tulimzika mwaka jana, mvua za masika zilipoanza. Alienda bila kujua, na hilo ni jambo moja ambalo nikilala nalo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni upweke wa aina nyingine. Hakuna tena mtu ninayeweza kumwambia "unakumbuka ile chai?" Rafiki yangu hupiga simu Krismasi, lakini tuna aibu fulani kati yetu, kila mmoja anaogopa kumuumiza mwenzake kwa fadhili. Kibanda kimeenda, mlango wenye chaki umeenda, na udongo ule tulioufinya uko chini ya saruji. Watoto wa fleti walikuwa ngazini siku ile, wamekaa tu, wanatazama simu. Nikajiuliza ni nani atawapa tuta.

Nikageuka kuelekea stendi, nipande gari nirudi kazini. Lakini miguu ilipita stendi. Nilitembea mjini, nikateremka upande ule mwingine, wa chuo, ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga, kwa maana muda wote shosho akiwa hai nilihofia atauliza, "Kwani hukwenda chuo wakati ule kwa nini?" Sasa hakuna wa kuuliza. Nilifika nikiwa na vumbi hadi magotini. Nikajipangusa viatu kwa majani, nikagonga geti.

Askari akafungua kidirisha. "Unataka nani?"

"Nataka kuuliza kama mnachukua mtu wa kusoma. Nimetoka shule kidato cha pili. Sina kitu cha kuonyesha."

Akanitazama, akatazama barabara nyuma yangu. "Mko wangapi?"

"Ni mimi tu," nikasema. Akafungua geti, nikaingia.