Kitabu cha paka mwenye wivu chamnunisha wifi wa mchoraji

Saa tatu asubuhi, Mama Rangi anaanika karatasi kama mtu anayeanika soksi. Kamba imekatiza chumba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati, na kila karatasi imeshikwa na vibanio viwili vya nguo. Kitandani, mtoto wake wa miezi mitano analia. Mama Rangi anambembeleza kwa mkono mmoja, lakini macho yake yako mlangoni.

"Anapita sasa hivi," ananong'ona. "Mwangalie. Hatanisalimia."

Kweli bwana. Mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia nguo shingoni anapita ukumbini, na nyuma yake paka mweupe mwenye doa jeusi puani. Paka anachungulia ndani. Mwanamke hachungulii. Ni fundi cherehani, dada wa mume wa Mama Rangi, na wanaishi nyumba moja, milango ikitazamana. Hii ni wiki ya tatu hawasemeshani.

Chanzo, amini usiamini, ni kitabu cha watoto.

Mama Rangi, mwenye umri wa miaka 38, huandika na kuchora vitabu vya picha. Ameshatoa kumi na kimoja, karibu vyote vya wanyama wanaofugwa nyumbani: mbwa anayekimbia kuogeshwa, kasuku anayesingizia wenzake, sungura mchoyo. Cha kumi na mbili ni cha paka anayemwonea wivu mtoto mchanga. Kwa kuwa hana paka wa kumtazama, alimchora huyohuyo wa wifi yake, na kitabuni akamwita Paka wa Shangazi.

"Kurasa ishirini na nne, miezi minne," anasema. "Jicho la paka tu linanimalizia siku nzima. Ukikosea kidogo anaonekana ana usingizi, hana wivu."

Sasa sikia. Katika vitabu hivi sentensi moja huweza kuanzia ukurasa wa kushoto ikamalizikia wa kulia. Ukurasa wa sita unaishia na maneno "Paka wa". Wa saba unaanza hivi: "Shangazi anamwonea mtoto wivu. Anataka apakatwe yeye tu." Paka mwenyewe kachorwa ukurasa wa sita. Huku wa saba yupo mtoto, na ncha ya mkia.

Siku ugomvi ulipoanza, ukurasa wa sita ulikuwa bado mezani. Wa saba ulikuwa kambani peke yake, usawa wa macho ya mtu mrefu. Wifi akaingia kumchukua mtoto, kama alivyozoea kila asubuhi. Akasoma. Akatoka mikono mitupu.

Mwandishi wa makala haya anavuka ukumbi kusikiliza upande wa pili. Cherehani haisimami.

"Umetumwa?" anauliza fundi.

Hapana, anajibiwa.

"Wote husema hapana. Haya, kaa. Andika vizuri, usinitie maneno mdomoni. Mimi sina mtoto, kila mtu anajua. Anayetaka kunipiga kijembe anipige usoni, asinipige kwenye kitabu watakachosomewa watoto wa watu!"

Anaelezwa habari za ukurasa wa sita. Anakata uzi kwa meno.

"Ameshaniletea. Kaunganisha karatasi hapahapa, 'Wifi tazama, ni paka.' Nimetazama. Ni paka, sawa. Lakini mtu wa vitabu kumi na kimoja hajui pa kukatia sentensi? Siyo bure. Yule ana lake moyoni."

Ng'ambo mtoto anapandisha kilio. Mguu wa fundi unasita kwenye pedali. Kisha anaushindilia, cherehani inakwenda mbio kuliko mwanzo, na anainuka kuufunga mlango mgeni anapotoka.

Swali lake si la kipuuzi. Anaulizwa Mama Rangi: kwa nini pale?

"Nafasi haikutosha."

Mwandishi wa makala anautazama ukurasa wa sita. Pana nafasi ya maneno manne zaidi, pengine matano. Anaulizwa tena. Mama Rangi anachukua brashi iliyo safi, anaanza kuiosha.

"Huyu akilia, ni wifi tu anayemnyamazisha," anasema hatimaye. "Anamweka begani, basi, kimya. Mimi namwimbia mpaka sauti inakauka. Siku niliyoandika ukurasa ule alikuwa naye tangu asubuhi, nikawa nawasikia wanacheka kule. Kwangu hajawahi kucheka vile. Roho iliniuma, niseme uongo? Nikaandika. Sikupanga pa kukata, haki ya Mungu. Lakini nilipoisoma nikaona inavyosomeka. Na bado nikaianika."

Anaweka brashi chini. Mhariri anaitaka kazi Ijumaa, na sentensi yenyewe itahamia yote ukurasa wa sita kwa dakika kumi.

"Ya kitabu ni rahisi," anasema. "Mimi nataka mwanangu arudi kwa shangazi yake. Hata kama atacheka zaidi kule."

Ijumaa haingojewi. Anamwinua mtoto, anavuka ukumbi, anagonga.

"Hodi."

Cherehani inasimama.

"Nani?" anauliza mtu aliyeijua sauti hiyo kwa miaka tisa.

Mama Rangi anamweka mtoto begani.

"Mwenye wivu," anasema. "Fungua, wifi."