Chupa za Koko na Tofali Langu

Kila nikikaa karibu na sufuria ya maji inayokawia kuchemka, mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya baridi kule Vulamba, Butembo, wakati wa vita.

Nyumbani kulikuwa na Masika, mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Angeweza kulala ndani ya kofia yangu. Muuguzi alituonya jambo moja tu: akipoa, tutamzika. Siku hiyo ikafika habari kwamba askari wanashuka kutoka Beni. Majirani walifunga magodoro waende Masereka kupitia Musienene. Shemeji alimfunga mtoto kifuani, tayari kwa safari, lakini Koko, mama wa baba yangu, hakuondoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Aliteleka maji ili ajaze chupa za bia, azivike soksi, na kuzipanga ubavuni mwa mtoto.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na miguu iliniwasha. Nikaokota tofali lililoegemea makaa.

"Koko, acha hiyo maji, inakawia! Tubebe tofali. Ona, inachoma!"

"Inachoma vidole yako, Kambale. Lakini itafika na moto Musienene?"

"Itafika! Basoda ba Beni batatukuta hapa, tunangojea chai."

"Enda basi, muzee ya mbio. Maji inakula moto kama mugeni ya harusi. Acha ikule kwanza. Ikikula muzuri, haitaacha moto mbio."

Shemeji alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilikasirika. Nililifunga tofali kwenye sweta, nikatangulia na vijana wenzangu. Kaka alikuwa Beni, na mwanaume pekee aliyebaki pale nyumbani nilikuwa mimi.

Hatukufika hata nusu ya njia, tofali likawa baridi kama jiwe la mtoni. Niliendelea kulibeba kwa ukaidi tu, mwisho nikalitupa mtaroni. Pale Musienene nilikaa kando ya soko, nikitazama kila kundi lililotoka kwenye ukungu. Wake kwa waume walipita na mbuzi wao. Koko hakuwamo. Nilianza kufikiria kaburi dogo, na nani angelichimba.

Walifika jua limeshapanda. Koko hakunisalimia. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya chupa. Ilikuwa bado na joto, kama shavu la mtu. Masika akalia kwa sauti nyembamba, na sijasikia tena kilio kitamu kama kile.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha jambo hilo: kwa uzito uleule, maji yanahitaji moto karibu mara tano ya ule wa tofali ili yapande joto sawasawa. Ndiyo maana yanachelewa kupata moto, na ndiyo maana yanachelewa kupoa. Kwenye mtihani nilijibu vizuri sana.

"Tofali yako iko wapi?" Koko akaniuliza.

"Nimeitupa."

"Na sisi, ulitutupa fasi gani?"

Laiti ningejifunza siku ile! Vita vilipopungua nilishika njia: Kasindi, Bunia, na mbele zaidi. Kila mji niliupenda kwa moto wa wiki ya kwanza, kisha nikauhama. Koko alinitumia maneno kwa madereva, kila mara yaleyale: "Mwambieni Kambale, maji iko ku moto." Nami nilijibu kwamba nakuja.

Niliporudi, mlango ulifunguliwa na Masika, msichana mrefu. Koko alikuwa ameshazikwa. Masika akateleka maji ya chai, akasema, "Ngoja kidogo, baba mudogo." Nikangoja. Yalikawia sana, na nililia mpaka yakachemka.

Mwanangu, usimpime mtu kwa jinsi anavyochoma siku ya kwanza. Wapo wanaochelewa kupata moto. Kaa nao, maana watakutunza njia nzima. Nao wakikuita, usiseme unakuja. Nenda. Joto lao ni refu, lakini lina mwisho.

Mungu akupe mtu wa kukungojea, na akupe miguu ya kumrudia angali hai.